VAR kamili, FVS au mtambo wa mstari wa goli: ligi zetu zianze na kipi?

Tarehe 5 Aprili 2024, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria. Stephane Aziz Ki anaachia shuti, mpira unagonga mtambaa panya, unadunda chini kwenye eneo la mstari na kurudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wanashangilia. VAR, yaani waamuzi wa video wanaotazama marudio, ipo, lakini bao halitolewi. Mchezo unaisha 0-0 kama ulivyoisha ule wa kwanza kwenye uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, na Mamelodi Sundowns wanapita kwa mikwaju ya penalti, 3-2.

Tangu siku hiyo, taja VAR kijiweni uone watu wanavyogawanyika. Kuna wanaosema ni wizi uliounganishwa na umeme, na kuna wanaosema mtambo hauna kosa, wenye kosa ni waliokaa mbele yake. Mimi nina jibu la tatu, ambalo halina utamu wa ubishi: VAR haikutengenezwa kujibu swali lile. Kuna kifaa kingine kabisa kinachojibu kama mpira umevuka mstari, na kwenye mchezo ule hakikuwepo.

Wala tusidhani ni shida ya Afrika peke yake. Tarehe 21 mwezi huohuo, Real Madrid na Barcelona walikuwa Santiago Bernabéu. Lamine Yamal akaugusa mpira wa kona, kipa Andriy Lunin akautoa mstarini, au nyuma ya mstari, kutegemea unavaa jezi ipi. VAR ikatafuta picha ya kuthibitisha, haikuipata, na Madrid wakashinda 3-2. La Liga inatumia VAR tangu msimu wa 2018/19 na fedha inazo, ila mtambo wa mstari wa goli iliamua kutounua.

Kwa hiyo kabla ya kudai "tuleteeni VAR", inafaa kujua tunadai nini. Nitaweka kando kwa kando vitu vitatu ambavyo shirikisho la mpira linaweza kuvichagua leo: VAR kamili, mfumo wa FIFA uitwao Football Video Support, au FVS kwa kifupi, na mtambo wa mstari wa goli. Vingine nitavigusa tu. Msimamo wangu siufichi: kwa ligi nyingi za ukanda wetu ningeanza na FVS, na nitaeleza sababu.

Hesabu kamera kwanza

Mjadala wa teknolojia hii huanzia kwa waamuzi, wakati ulipaswa kuanzia kwa watu wa matangazo. Marudio yanaonyesha kile tu ambacho kamera ilikinasa.

Kamera ya kawaida ya matangazo hurekodi picha 25 kwa sekunde, nzuri zaidi 50. Shuti linalokwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, si shuti la kutisha. Lakini kwenye kamera ya picha 25, mpira huo unasafiri sentimita 80 kati ya picha moja na inayofuata. Kwenye ya picha 50 unasafiri sentimita 40. Kipenyo cha mpira wenyewe ni kama sentimita 22. Maana yake mpira unaweza kuingia wote, ukadunda na kutoka, na kamera isiwe na picha hata moja ya wakati ule ukiwa ndani. Unaweza kusogeza marudio mbele na nyuma mpaka kesho, hutaiona picha ambayo haikupigwa.

Kwenye kuotea (offside) mambo ni yaleyale. Mshambuliaji anakimbia kwenda golini mita 7 kwa sekunde, beki anapanda mita 3 kwa sekunde. Kwenye picha 25 wanapishana sentimita 40 kati ya picha mbili. Sasa nani ataamua picha ipi ndiyo hasa mpira ulipoondoka mguuni kwa mpigaji pasi? Ndiyo maana nikiona mtu amechora mstari kwa kidole kwenye simu na kutuma kwenye kundi la WhatsApp akidai "kaotea kwa ukucha", huwa napita tu.

Halafu kuna pembe. Kamera isiyokaa sawasawa na mstari hudanganya, hasa mpira ukiwa hewani: unaonekana umeingia wakati haujafika, au haujafika wakati umeingia. Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, chumba cha VAR kilichokuwa Moscow kilipokea picha za kamera 33 za matangazo kwa kila mchezo. Mchezo wa kawaida wa ligi zetu, nje ya watani wa jadi, unarushwa kwa kamera chache sana. Kila nitakachosema hapa chini kinategemea tofauti hiyo.

VAR kamili

Bodi ya sheria za mpira, IFAB, iliruhusu majaribio mwaka 2016 na kuiingiza VAR kwenye sheria Machi 2018. Waamuzi wa video hukaa chumbani au kwenye gari maalumu: mwamuzi wa VAR, msaidizi wake, na opereta wa marudio. Itifaki ile iliwapa mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Tena wanaingilia pale tu panapokuwa na kosa la wazi, au tukio kubwa ambalo waamuzi wa uwanjani hawakuliona kabisa. Faulo ya katikati ya uwanja au mpira wa kurusha haviwahusu.

Nguvu yake kubwa ni kwamba haisubiri kuombwa. Kila bao linapitiwa kimyakimya, kila mguso kwenye eneo la hatari unatazamwa. Beki akimpiga mtu kiwiko nyuma ya mgongo wa mwamuzi huku mpira uko upande wa pili, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuliona hilo. Timu ndogo yenye kocha mpole inahudumiwa sawa na timu kubwa yenye benchi la kelele. Katika vitu vyote tunavyolinganisha, ni VAR kamili tu inayotoa hilo.

Udhaifu wake ni kwamba ni watu. Septemba 30, 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliwafunga Tottenham, mshika kibendera akasema kaotea. Chumba cha VAR kilitazama, kikaona hakuotea. Ila mwamuzi wa video alidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa bao, akasema ukaguzi umekamilika, mchezo ukaendelea. Walipogundua walichokifanya, mpira ulikuwa umeshaanzishwa, na sheria hairuhusu kurudi nyuma. Picha zilikuwepo na mistari ilichorwa sawa. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kuelewana. Na hiyo ni Ligi Kuu ya Uingereza, ambako waamuzi wameajiriwa na hawana kazi nyingine.

Udhaifu wa pili ni mtambo wenyewe kuzimika. Tarehe 31 Mei 2019, fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Radès nchini Tunisia. Espérance wanaongoza 1-0. Walid El Karti wa Wydad anasawazisha, bao linakataliwa, Wydad wanadai marudio, wanaambiwa mtambo haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Mwamuzi Bakary Gassama akasubiri sana, hatimaye akamaliza mchezo. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, likaamuru urudiwe, mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, ikatengua amri hiyo, na mwisho wa kesi zote Espérance wakabaki mabingwa. Itifaki inasema wazi kwamba kuharibika kwa VAR hakufuti mchezo. Anayeileta VAR kwenye ligi yake akiandike hicho kwenye kanuni kwa herufi kubwa, akisome kwa manahodha kabla msimu haujaanza.

Umeme nao ni suala. Aprili 2023, Yanga na Rivers United ya Nigeria walisimama uwanjani kwa Mkapa wakati taa zilipozimika katikati ya mchezo wa robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Hapo hatujafika kwenye seva na nyaya za VAR, tunazungumzia taa.

Sasa chukua Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Timu 16, kila moja michezo 30, jumla michezo 240. Ukiweka waamuzi wa video wawili kwa kila mchezo, unahitaji nafasi 480 za watu waliofundishwa na kuthibitishwa, mbali na opereta. Waamuzi hao watatoka kwenye kundi lilelile dogo la waamuzi bora, kwa hiyo anayekaa kwenye gari leo ni yule ambaye ungependa apulize kipyenga kesho. Gari lenyewe litoke Dar es Salaam kwenda Kaitaba, Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, kisha Lake Tanganyika kule Kigoma, kisha Sokoine, Mbeya. Ama ununue magari kadhaa, ama uvute mkonga wa mawasiliano kutoka kila uwanja hadi chumba kimoja.

Wengi wakifika hapo husema: basi iwekwe kwenye mechi kubwa tu. Hilo nalipinga. VAR kwenye mechi ya Simba na Yanga na kwenye mechi za Mkapa pekee inamaanisha timu mbili zinacheza na kinga ambayo timu ya mkoani haina, na pointi zao zinaingia kwenye msimamo mmoja. Kombe la FA la Uingereza lilipita njia hiyo kwa misimu kadhaa. VAR ilitumika kwenye viwanja vya timu za Ligi Kuu tu, na malalamiko hayakukauka. Mashindano ya mtoano ni habari nyingine. Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 2019 kule Misri lilianza kutumia VAR kwenye robo fainali, na haikumwonea mtu kwa sababu timu zote nane zilizobaki zilikuwa nayo. AFCON iliyofuata, ya Cameroon mwanzoni mwa 2022, ikaitumia michezo yote 52.

Kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, iliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, tuliona VAR ikifanya kazi kwenye viwanja vyetu. Wakenya wanakumbuka vizuri kadi nyekundu ya Chrispin Erambo dhidi ya Morocco pale Kasarani, iliyotoka baada ya mwamuzi kwenda kutazama skrini. Harambee Stars walishinda 1-0 wakiwa pungufu, kwa hiyo watu wakasamehe. Lakini yale yalikuwa mashindano ya CAF yaliyochezwa kwenye viwanja vitano teule. Ligi ya wiki kwa wiki ni kazi ya ukubwa mwingine.

FVS

Huu mfumo haujulikani sana kwetu, na nadhani ndio unaostahili kujadiliwa zaidi. FIFA ilianza kuujaribu Mei 2024 kwenye mashindano ya vijana mjini Zurich, ukatumika Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 nchini Colombia mwaka huohuo, kisha Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 nchini Chile mwaka 2025. Msimu wa 2025/26 Serie C ya Italia na ligi ya wanawake ya Hispania ziliuchukua. Ni ligi zenye kamera chache, na ndizo zilizokusudiwa.

Hakuna mwamuzi wa video. Kuna skrini pembeni ya uwanja, mtu wa kuendesha marudio, na kamera zilizopo. Kila timu ina maombi mawili kwa mchezo. Kocha akiona kuna kosa, anazungusha kidole hewani na kumkabidhi mwamuzi wa akiba kadi ya ombi, papo hapo kabla mchezo haujaendelea. Mchezaji aliyehusika anaweza kumdokeza kocha, ila mwenye ombi ni kocha. Mwamuzi wa kati anakwenda kwenye skrini, anatazama mwenyewe, anaamua mwenyewe. Uamuzi ukibadilika, timu inabaki na ombi lake. Usipobadilika, limeliwa. Mambo yanayoombewa ni yaleyale manne ya VAR.

Ninachokipenda kwanza ni kwamba hauhitaji jeshi la waamuzi wa ziada. Ule mzigo wa nafasi 480 unatoweka, anayebaki ni opereta. Pili, unaendana na kamera nne au zaidi kidogo bila kujifanya unaona kila kitu. Tatu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, unaweza kuuweka kwenye michezo yote 240 badala ya ile ya wakubwa tu.

Kuna faida nyingine inayohusu tabia zetu. Benchi la ufundi la ligi zetu lina desturi ya kumzonga mshika kibendera dakika tisini, kisha kocha anakwenda mbele ya vipaza sauti kusema tumeonewa. Ukiwa na maombi mawili mfukoni na hukuyatumia, maneno hayo yanapoteza uzito. Ukiyatumia yote mawili na yakakataliwa, yanapoteza uzito zaidi. Sisemi lawama zitaisha, mpira bila lawama nani atautazama? Ila zitakuwa na kumbukumbu ya maandishi.

Hasara zake zipo na ni nzito. Kosa ambalo benchi halikuliona halina wa kulitetea. Kiwiko cha nyuma ya mgongo kinapita. Ukiwa umechoma maombi yako kipindi cha kwanza kwa hasira, dakika ya 88 unanyimwa penalti ya wazi na huna la kufanya zaidi ya kushika kichwa. Kocha mjanja anaweza kulitunza ombi moja la kupumzisha wachezaji wake timu inapobanwa mwishoni, na mwamuzi hana namna ya kusoma nia yake. Na kwenye kuotea, kwa kuwa kwa kawaida hakuna mistari iliyopimwa, mwamuzi anatazama kwa macho. Mtu aliyeotea hatua nzima ataonekana. Aliyeotea bega, hapana.

Pia unamwacha mwamuzi peke yake. Kwenye VAR, anayekwenda kwenye skrini ameshaambiwa na mwenzake kwamba inaelekea amekosea. Kwenye FVS amesukumwa kule na kocha aliyekasirika, na mashabiki elfu kadhaa wako mgongoni kwake. Kwenye kiwanja kama Liti, Singida, au Majaliwa, Ruangwa, ambako jukwaa haliko mbali na mstari, skrini ikiwekwa upande wa mashabiki wa nyumbani ni kuomba matatizo. Iwekwe mbali na majukwaa, na askari wakae kati.

Usiuchanganye na VAR Light, ambayo ni juhudi nyingine ya FIFA ya kupunguza gharama za VAR: mwamuzi wa video yupo, ila kwa kamera chache na watu wachache chumbani. Inafaa ligi ambayo tayari ina waamuzi wa video wa kutosha na inakosa fedha. Sisi tunakosa vyote viwili.

Mtambo wa mstari wa goli

Hiki ndicho kifaa pekee hapa ambacho hakihitaji rai ya mtu. Mfumo wa Hawk-Eye hutumia kamera saba kwa kila goli, zinazofuatilia mpira tu. Ukivuka wote, saa ya mwamuzi inatetema na kuandika bao ndani ya sekunde moja. Hakuna kusimama, hakuna skrini, hakuna kuchora mstari.

Ulizaliwa na aibu. Juni 27, 2010, Bloemfontein, Frank Lampard aliifungia Uingereza dhidi ya Ujerumani bao ambalo mpira ulidunda ndani kabisa na kila mtu mbele ya runinga aliliona, isipokuwa waamuzi. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, walikuwa wakipendelea kuongeza waamuzi wawili nyuma ya magoli. Kwenye Euro 2012 mmoja wao alisimama hatua chache kutoka kwenye mpira wa Marko Dević wa Ukraine, John Terry akautoa ukiwa umeshavuka, na bao halikutolewa. Wiki chache baadaye IFAB ikaruhusu mtambo. Ligi Kuu ya Uingereza ikaufunga msimu wa 2013/14, Kombe la Dunia la Brazil likafuata 2014.

Umewahi kushindwa. Juni 17, 2020, kipa wa Aston Villa, Ørjan Nyland, aliubeba mpira hadi ndani ya goli dhidi ya Sheffield United na saa haikutetema. Kamera zote saba zilikuwa zimezibwa na miili ya wachezaji na nguzo. Hawk-Eye waliomba radhi wakisema halijawahi kutokea katika michezo zaidi ya 9,000. Villa walipata sare, na mwisho wa msimu wakabaki Ligi Kuu kwa tofauti ya pointi moja. Watu wa Bournemouth, walioshuka, sidhani kama hesabu ya 9,000 iliwafariji.

Kwa nini basi siuweki namba moja, wakati ndio ungemaliza ubishi wa Aziz Ki? Kwa sababu unajibu swali moja ambalo msimu mzima linaweza kujitokeza mara chache mno, na kwa jibu hilo unapaswa kufunga kamera 14 juu ya kila uwanja, zipimwe, zilindwe na zitunzwe. Viwanja vyetu vingi havina paa la kuzishikilia. Ukinipa fungu moja la fedha na ligi yenye malalamiko mia, sitalitumia kwenye lalamiko moja, hata kama ndilo lililouma zaidi.

Teknolojia ya kuotea ya nusu-otomatiki ni ya kundi hilohilo, ila ghali zaidi. Qatar 2022 ilitumia kamera 12 chini ya paa zikifuatilia alama 29 kwenye mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, pamoja na kitambuzi ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe ilianza kuitumia Aprili 2025. Tuwaachie wenyewe waendelee nayo.

Kwa kifupi, kando kwa kando

| | VAR kamili | FVS | Mstari wa goli |
|---|---|---|---|
| Nani anaanzisha ukaguzi | Waamuzi wa video, kila tukio | Kocha, maombi mawili | Mtambo wenyewe |
| Nani anaamua | Mwamuzi wa kati, akishauriwa | Mwamuzi wa kati peke yake | Saa ya mwamuzi |
| Watu wa ziada kwa mchezo | Watatu au zaidi | Opereta | Mafundi wa mtambo |
| Kamera | Nyingi, kila pembe | Chache zinatosha | 14 maalumu |
| Kuotea kwa bega | Ndiyo, kwa mistari | Vigumu | Haihusiki |
| Mpira kwenye mstari | Ikibahatika kuwa na picha | Ikibahatika kuwa na picha | Ndiyo |
| Kosa la nyuma ya mgongo | Ndiyo | Benchi likiliona | Haihusiki |

Nani achukue kipi

Fainali ya kombe la taifa, nusu fainali na mashindano ya siku chache kwenye uwanja mmoja au miwili yapewe VAR kamili. Kamera huwa nyingi siku hizo, gari moja linatosha, na timu zote zilizobaki zinapata huduma sawa. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, na waamuzi watakaofundishwa kwa ajili yake wasiachwe wakae bure baada ya wageni kuondoka.

Ligi kuu ya wiki kwa wiki, iwe ya Bara, Kenya au Uganda, ianze na FVS kwa michezo yote. Ikipita misimu miwili, shirikisho litakuwa na opereta wenye uzoefu, waamuzi waliozoea skrini na makocha waliojifunza kutulia. Kutoka hapo kwenda VAR ni hatua fupi. Kuanzia VAR na kurudi nyuma ni aibu. Kumbuka pia kwamba si kila anayeweza kumudu VAR anaitaka. Klabu za Sweden, zinazomilikiwa na wanachama, ziliikataa mwaka 2024 na shirikisho lao likaiacha, wakati umasikini haukuwa sababu. Mwaka huohuo klabu ya Wolves walipeleka hoja ya kuifuta VAR kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, wakashindwa kwa kura 19 kwa 1.

Ligi ya wanawake ndiyo ningeitanguliza hata kabla ya ya wanaume. Michezo inarushwa kwa kamera chache zaidi, na hayo ndiyo mazingira ambayo FVS ilijaribiwa Colombia.

Waandaaji wa ndondo na mashindano ya mikoa waache kwanza. Huwezi kuweka runinga pembeni ya uwanja na kumwambia mwamuzi akatazame. Matumizi ya marudio kwenye mchezo rasmi yanahitaji kibali kupitia shirikisho na FIFA, na mwamuzi akibadili uamuzi kwa video isiyoidhinishwa amevunja sheria za mchezo. Fedha hizo zinunulie waamuzi vifaa vya mawasiliano ya masikioni. Mshika kibendera anayeweza kumwambia mwenzake "kiwiko, namba tano" bila kupunga mkono nusu dakika anaokoa makosa mengi kwa gharama ndogo.

Kwa shirikisho litakaloamua kuanza na FVS, kazi ya kwanza iko kwenye mkataba wa matangazo. Uandike idadi ya chini ya kamera kwa kila uwanja, si kwa mechi kubwa tu, na kamera mbili kati ya hizo zikae usawa wa mistari ya 18, ile ya eneo la penalti, moja kila upande, maana hapo ndipo kuotea kunapoonekana. Jenereta ya skrini iwe tofauti na ya taa. Kanuni ziseme nini kinafanyika skrini ikizimika. Kisha kila baada ya raundi, orodha ya maombi yote ichapishwe: dakika, timu, kilichoombwa, uamuzi wa kwanza na wa mwisho, pamoja na kipande cha video ambacho mwamuzi alikitazama.